Sahani ya Tumbo na Mlango wa Majivu

Siku ya kwanza kuingia gereji ya Mikocheni sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kuuza jiko. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Tandale kwa miguu, nimebeba majiko manne ya mkaa niliyoyafua mwenyewe kwa mabati ya mapipa. Shule niliachia darasa la nne. Kalamu na mie hatukuelewana, lakini nyundo ilinielewa siku ile ile niliyoishika. Nyie vijana mnaochora magari kwenye kompyuta, jueni kwamba anayewaandikia alianzia kwenye jiko, na mpaka leo sijamwona aliyenifikia.

Getini alikuwepo dada mmoja anauza chai na vitumbua, jina lake Mwanahawa. Nikamwonyesha jiko. Akaligeuza, akafungua kile kimlango cha chini cha kutolea majivu, akakifunga, akakifungua tena.

"Angalau hiki kinafunga," akasema. "La juzi mlango uliniangukia kwenye kidole."

"La juzi lilifuliwa na mtu. Hili limefuliwa na Shomari."

"Shomari ndio nani?"

"Utamjua."

Akacheka mpaka kitumbua kikaungua. Nawaambia mapema msije mkahangaika: huyo ndiye mke wangu, na jiko lile analo hadi leo.

Tukiwa bado tunabishana, akatoka Fundi Mkuu wa gereji, Mzee Malisa. Mtu wa Kilimanjaro, mrefu, suruali ya kaki imepigwa pasi kama anakwenda kanisani, wakati anakwenda chini ya lori. Akainama kwenye jiko langu, akapitisha kidole kwenye kona.

"Kijana, hapa umekunjaje bila kuchomelea?"

"Kwa nyundo tu. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetanguliza jibu, salamu ikaja baadaye. Huyo ni fundi. Njoo."

Akanipeleka kwenye gari lililogongwa ubavuni, akanipa nyundo ya mpira na kipande cha gogo, akasema neno moja: "Nyoosha." Hiyo kazi tunaiita kupiga bodi, yaani kurudisha bati lililobonyea mpaka mwenye gari asijue lilibonyea wapi. Fundi wa kawaida angemaliza siku mbili. Alasiri ilipoadhiniwa mie nilikuwa nimemaliza na ninakunywa chai ya Mwanahawa. Majiko yaliyobaki sikuyauza tena.

Nikakaa kwenye bodi miaka mitatu, nikahamishiwa kwenye injini miaka minne, kisha Mzee Malisa akanipandisha kitengo cha mbio. Hapo ndipo roho ya gereji ilipokuwa. Mwenye gereji, Bosi Akbar, alikuwa mfanyabiashara wa vipuri. Babu yake alifungua duka la baiskeli hapa hapa Dar. Mtu mfupi, mpole, mswali, msikitini kwao ndiye aliyekuwa akigawa sharubati kwa watu wakati wa Muharram. Lakini umvalishe kofia ngumu umfungie mkanda wa gari la mbio, anakuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwaga anaimba anapokata kona! Msoma njia wake, yule anayekaa pembeni kumsomea kona zinazokuja, alimwomba mara nyingi anyamaze ili asikilizwe.

Mzee Malisa alinifundisha kwa maneno machache. Ukimuuliza kwa nini gari linavuta kushoto, atakujibu, "Liulize gari." Nilipomwambia kwamba gari halisemi, akaniambia, "Linasema. Wewe ndiye unayesema zaidi." Kweli nilikuwa nasema. Nasema mpaka leo. Alipostaafu akarudi kwao Rombo, Bosi aliita mafundi wote uani, akanikabidhi ufunguo wa kabati la spana kubwa. Mie, darasa la nne, Fundi Mkuu! Siku hiyo nilikula vitumbua kumi na moja.

Sasa sikilizeni kuhusu sheria, maana bila sheria hamtaelewa kilichonipata.

Enzi zetu, kabla ya mbio ya kwanza ya msimu, kila gereji ilijaza Karatasi ya Gari. Unaandika kila kitu: springi urefu gani, rejeta ukubwa gani, bati la chini unene gani. Rejeta ni ile sega ya mbele inayopoza maji ya injini. Mkaguzi wa Ufundi anapima, anapiga lakiri, kile kidude cha risasi kwenye waya, na kuanzia hapo gari halibadilishwi mpaka mbio ya nne iishe. Kikivunjika kitu unarudisha kilekile. Kuboresha, marufuku. Sheria hiyo iliwekwa ili wenye uwezo wasije kila mwezi na gari jipya lenye jina la zamani.

Ila kulikuwa na mlango mmoja. Katikati ya msimu, baada ya mbio ya pili, kila gereji iliruhusiwa badiliko moja. Moja tu. Na ili ulipate, fundi aliyeunda kitu chenyewe lazima aandike kwa mkono wake alikosea wapi, kisha asimame asome mbele ya mafundi wa gereji zote. Ulichoandika ndicho utakachofanya, hauzidishi tundu wala sentimita. Wenyewe tulikiita Kisomo cha Aibu. Mafundi walikuwa wanakuja na karanga zao kama wanakuja kwenye ngoma.

Katika miaka yangu yote mie nilikuwa mla karanga. Sikuwahi kusoma hata mara moja.

Msimu ninaousimulia, Bosi alikuwa anafikisha miaka sitini. Mkewe alishamwambia imetosha, daktari naye akamuunga mkono mkewe. Bosi alikuwa ameshindana miaka mingi bila kufika jukwaani, pale wanaposimama watatu wa kwanza. Akaniita ofisini kwake.

"Shomari, huu wa mwisho. Mimi sitaki kombe. Nataka kusimama pale mara moja tu, hata ngazi ya tatu, mama watoto apige picha. Halafu nikae nyumbani nimwagilie maua."

"Bosi, picha hiyo ihesabu imeshapigwa."

Nikajifungia wiki mbili. Njia zetu za nje ya Temeke, kule mashamba ya mikorosho, zilikuwa na mawe yanayotoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kila gereji ilikuwa inafunga sahani ya tumbo, bati la kukinga mawe. Za wenzangu zilikuwa vipande vipande, hapa pengo, pale waya. Mie nikasema nitatengeneza moja isiyokuwa na pengo. Nikafua aluminiamu nene kuanzia kwenye bampa ya mbele hadi chini ya gia boksi, imekumbatia tumbo lote, kingo zimekunjwa bila weldi, laini kama sinia la harusi. Mafundi wa mji walikuja kuitazama. Wengine walitoka Mwenge, wachonga vinyago wanaojua umbo likoje, wakaipapasa wakatikisa vichwa. Nikawaambia, "Papaseni, ila msilambe." Mkaguzi akapima, akapiga lakiri kwenye boliti zake.

Mbio ya kwanza gari liliruka kama swala. Hata jiwe moja halikugusa sampu. Lakini kilomita ya arobaini mshale wa joto ukapanda, maji yakachemka, Bosi akarudi amevutwa kwa kamba. Nikabadilisha pampu ya maji kwa pampu ileile. Mbio ya pili, hadithi ileile, kwa kilomita chache zaidi. Bosi alishuka, akakaa kwenye tairi la akiba akawa anajipepea na ile ramani ya njia.

"Leo sijaimba hata kona moja," akasema. "Nilikuwa naangalia mshale."

Ningependelea anitukane.

Mie nilikuwa na jibu tayari. Rejeta ndogo! Kosa la kiwanda kilichotengeneza gari, si langu. Tutaomba badiliko letu, tuweke rejeta kubwa, basi. Nikampa Bosi karatasi asaini, akasaini. Rejeta yenyewe ikaja, inang'aa, tukaiweka mezani. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumamosi saa sita mchana, palepale uani kwetu, maana msimu ule gereji yetu ndiyo iliyokuwa mwenyeji.

Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nitasoma mbele za watu, lakini ninasoma kosa la kiwanda, hakuna aibu hapo. Nikaenda kukaa kwa Mwanahawa getini ninywe chai. Upepo ulikuwa unavuma, majivu ya jiko yananirukia kwenye shati. Nikanyoosha mguu, nikasukuma kile kimlango cha majivu kwa ncha ya kiatu. Kikafunga taratibu, maana kazi ya Shomari inafunga. Nikaendelea kunywa chai na kuwasimulia wateja habari za sahani yangu.

Baada ya muda Mwanahawa akainua sufuria.

"Mbona mafuta yamepoa? Nani kafunga mlango wa majivu?"

"Mie. Majivu yananichafua."

"We Shomari, hili jiko si umelitengeneza mwenyewe? Moto utapumulia wapi, masikioni kwako?"

Wateja wakaangua kicheko. Akainama, akafungua mlango kwa fimbo, mkaa ukashika rangi tena palepale. Mie nikabaki na kikombe hewani.

Ndugu zangu, nilikuwa nimefua majiko tangu nina miaka kumi na tatu. Kama kuna kitu kimoja duniani nakijua ni hiki: hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Jikoni inaingia chini inatokea juu. Kwenye gari inaingia mbele, inapita kwenye rejeta, inapoza maji, kisha yenyewe ikishakuwa ya moto inatokea chini, tumboni. Mie nilikuwa nimefunga tumbo. Nimelifunga vizuri kuliko fundi yeyote nchini. Kila pengo nililolicheka kwenye gari la mwenzangu lilikuwa mlango wa majivu.

"Mwanahawa, nipe chetezo chako cha udi."

"Unakwenda kujifukiza? Na shati jeupe? Anaolewa nani?"

Nikaenda na chetezo hadi kwenye gari, nikawasha injini, nikasubiri feni ianze kuzunguka nyuma ya rejeta. Nikaushika moshi wa udi mbele ya gari. Feni inatakiwa iunyonye moshi. Moshi ukaingia kidogo, ukasita, ukarudi ukanipiga usoni, kama mgeni aliyekuta nyumba imejaa. Nikajaribu kushoto, nikajaribu kulia. Unarudi. Rejeta kubwa ingefanya nini hapo? Ungeweka hata rejeta ya treni.

"Gereji inanukia vizuri leo," sauti ikasema nyuma yangu. Bosi Akbar.

Saa yangu ilikuwa inasema saa nne kasoro. Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Tungeweka rejeta, ingechemka, ningesema tena kiwanda. Badiliko moja lingekuwa limekwenda, na Bosi angekwenda kumwagilia maua bila picha. Jina la Shomari lingebaki safi kama shati lile.

"Bosi, si rejeta," nikasema. "Ni sahani."

"Sahani gani?"

"Ile yangu."

"Ile ambayo watu walitoka Mwenge kuja kuishika?"

"Hiyohiyo. Inapika injini. Hewa moto haina pa kutokea. Tazama." Nikarudia moshi. Ukarudi, safari hii ukampiga yeye.

Akapiga chafya. Akatazama gari, akanitazama mie, akatazama ile rejeta mpya mezani. Nikasubiri aniombe ule ufunguo wa kabati.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Kwenye chai."

"Na lazima uandike wewe mwenyewe, usome mbele ya wale wote?"

"Lazima."

"Wewe? Shomari?" Bosi akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka hadi akashikilia boneti. "Basi hata nisipopanda jukwaani, msimu huu umenilipa. Andika haraka."

Kuandika kulinichukua muda kuliko kufua. Maana haikutosha kukiri, lazima niseme dawa, na dawa ilikuwa moja bila kurudia. Matundu ya kawaida yangechota mchanga kama vijiko. Nikakumbuka majiko yale ya upepo niliyowafulia wakaanga mihogo wa sokoni Tandale: nilikuwa naweka kifuniko kidogo juu ya kila tundu, kimeinama nyuma, hewa inatoka, mchanga hauingii. Mapezi, kama ya samaki. Matundu mangapi? Nikalala chini ya gari na shati langu jeupe, nikapima kwa kiganja. Sita yangepoza. Manane yangelegeza bati likapasuliwa na jiwe. Nikaandika sita, kila moja ukubwa wa kiganja changu, na Mkaguzi akipenda aje akipime kiganja.

Saa sita uani palikuwa pamejaa. Mafundi wa gereji tano, karanga mikononi. Walipoona nimesimama mie, kelele zikatulia zenyewe. Nikasoma, kidole kikifuata mstari:

"Mie Shomari, Fundi Mkuu, niliunda sahani ya tumbo nikaifunga yote, nikasahau hewa moto inatokea wapi. Kosa si la kiwanda, ni langu. Mie ni fundi majiko, nilitakiwa kujua. Naomba kukata matundu sita yenye mapezi."

Kisha fundi mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Shomari umejenga jiko, umesahau mlango!" Uani pakalipuka. Watu walicheka wakainama. Mmoja alikabwa na karanga ikabidi apigwe mgongoni. Nilisubiri wamalize, hawakumaliza, na mie mwenyewe nikashindwa kujizuia nikacheka nao. Mkaguzi wa Ufundi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, akaishika karatasi yangu, akaisoma tena, akasema:

"Miaka mingi nasomewa kiwanda, barabara, dereva, mvua. Hii ndiyo ya kwanza kusomewa fundi. Imekubaliwa. Lete kiganja."

Akakipima. Kweli.

Nikakata matundu jioni ileile, riveti moja baada ya nyingine, mapezi yote yamelala upande mmoja. Mkaguzi akapiga lakiri mpya. Mbio ya tatu mshale ulikaa nusu, haukusogea hata pale Bosi alipokwama kwenye tope akaikanyaga injini kwa hasira. Akamaliza wa tano. Tangu asubuhi hiyo watu wa pembeni ya njia walisema wamesikia gari linaimba.

Mbio ya nne ilikuwa ndiyo ya mwisho wake. Jua kali, mchanga umekauka, magari mawili ya wenzetu yalichemka yakakaa pembeni. Mie nilisimama pale mwisho na Mwanahawa, yeye anauza vitumbua kwa watazamaji, mie sioni hata kitumbua. Likaja gari la kwanza. Likaja la pili. Kisha vumbi, kimya, vumbi tena, na kutoka ndani ya vumbi ile sauti mbaya kuliko zote mjini, ya Bosi Akbar, anaimba.

Wa tatu.

Akashuka, hakukimbilia jukwaani. Akavua glavu, akaweka mkono juu ya boneti, akauacha hapo.

"Joto la chai," akasema. "Njoo."

"Wapi, Bosi? Jukwaani wanapanda dereva na msoma njia."

"Njoo, bwana, mama watoto ameshashika simu."

Picha hiyo ipo. Tumesimama watatu kwenye ngazi moja iliyotengenezwa kwa watu wawili, msoma njia mguu mmoja uko hewani, Bosi analia na kucheka, na mie nimevaa lile shati jeupe lenye doa la oili mgongoni, ambalo kwa bahati picha haikulionyesha.

Bosi alitimiza ahadi, akaacha mbio. Mie niliendelea miaka mingine mingi, nikahudumia madereva wengine, nikasoma Kisomo cha Aibu mara nne zaidi, na kila mara uani palijaa. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, nikiwa na miaka hamsini na minne. Nyumba yangu iko Temeke, nimeijenga kwa mikono hii, na kila Jumapili wanakuja mafundi wapya kunisikiliza. Wanataka niwaeleze ushindi. Nawaeleza, na siufupishi. Lakini wakiondoka nawaambia hivi: mafundi wazuri wako wengi, ila nchi nzima hakuna aliyewahi kukosea vizuri kama mie, wala aliyesoma kosa lake kwa sauti kubwa zaidi.

Vile viganja sita vya aluminiamu nilivyokata siku ile sikuvitupa. Vitano nimevigawa kwa mafundi niliowafundisha. Cha sita nimekifua mlango mpya wa jiko la Mwanahawa, maana ule wa zamani ulikula kutu. Unafunga vizuri ajabu. Najua kwa kusikia tu, kwa sababu mwenyewe kanipiga marufuku kuugusa.